Uzuri wa Mkakasi, Ukipata Maji Basi

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Vijana wa leo huenda wasijue mkakasi ni kitu gani. Ni kikasha kidogo cha mti, kilichochongwa vizuri na kutiwa rangi na nakshi, ambamo bibi zetu walikuwa wakiweka vitu vyao vidogo vidogo vya thamani. Kikiwa kikavu hupendeza macho. Kikirowa, rangi hutoka, na kinachobaki ni kipande cha mti tu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsema mtu mwenye sura nzuri asiye na tabia. Leo nataka kuirudisha kwa mwenyewe, yaani kwa kasha, kwani kuna jambo limetokea katika mitaa ya mashariki ya Nairobi ambalo yafaa tulizungumze bila ya kuoneana haya.

Shangazi yangu mmoja akaaye Majengo, Pumwani, ni hodari wa mapishi ya pwani. Kwa miaka mingi amekuwa akipika visheti, kaimati na halua, na watu hutoka Eastleigh, Shauri Moyo na hata Buruburu kumfuata. Visheti alikuwa akivitia katika mfuko wa karatasi ya khaki, na halua akiimimina katika vibakuli vya plastiki vyenye vifuniko. Hapakuwa na jina juu ya chombo wala picha. Jina lake lilikuwa ni ladha ya mkono wake.

Ramadhani moja ya miaka hii ya karibuni, iliyoangukia wakati wa mvua za masika, kijana mmoja wa ukoo wetu aliyesomea mambo ya biashara alimwendea akamwambia, "Shangazi, mambo yamebadilika. Watu siku hizi hununua kwa macho. Tia vitu vyako ndani ya boksi la maana, utauza mara mbili." Maneno hayo hayakuwa ya uongo, na mimi nilikuwapo nikayaunga mkono.

Maboksi yakapigwa chapa katika karakana moja ya mjini. Yalikuwa meupe pe, ya kung'ara, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu na utepe. Boksi moja liligharimu karibu nusu ya bei ya halua iliyotiwa ndani yake, na mpiga chapa hakukubali kutengeneza machache. Ilibidi shangazi alipie mamia kwa mkupuo mmoja. Siku ya kuamkia Idi, halua ikamiminwa moja kwa moja juu ya karatasi ile, visheti vikafungiwa vingali na joto, na vijana wa pikipiki wakaondoka navyo kwenda Umoja, Kayole na Donholm huku manyunyu yakianguka.

Samli ikapenya. Mvuke wa visheti ukakilainisha kitako cha boksi kwa ndani, nayo mvua ikakilainisha kwa nje. Mama mmoja wa Umoja alipiga simu usiku ule akasema kwa upole, "Shangazi, halua yako ni tamu kama siku zote. Lakini boksi nimelipokea mkononi, na halua nimeikuta juu ya kiti cha pikipiki." Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha aibu. Shangazi alirudisha pesa za watu, na mtaji alioukusanya tangu mwezi wa Shaabani ukaenda na maji. Maboksi yaliyosalia yamo uvunguni mwa kitanda chake hata leo.

Simsimulii shangazi yangu ili achekwe. Namsimulia kwa sababu wako wengi kama yeye, kina mama na vijana waliohamia Nairobi kutoka Lamu, Mombasa, Malindi na Kwale, na wengine waliozaliwa huko huko, wanaotafuta riziki kwa vitu vya kwetu. Kosa letu halikuwa kutumia boksi. Kosa letu lilikuwa kulichagua boksi kabla ya kuiuliza halua inataka nini.

KILA KITU NA CHOMBO CHAKE

Sisi watu wa pwani si wageni wa kazi ya kufunga bidhaa. Embe na machungwa yalitiwa katika pakacha la makuti, lenye matundu ya kupitisha hewa, ili matunda yasiharibike kwa joto lake yenyewe. Tende zilizokuja na majahazi kutoka Ghuba zilishindiliwa ndani ya makanda yaliyosukwa, kwa kuwa tende ni kitu kizito, chenye kunata, kisichoogopa kushindiliwa. Tambuu ilikuwa na kijaluba chake. Futari iliyopelekwa kwa jirani ilifunikwa kwa kawa. Na kawa, kama mjuavyo, huzuia nzi na vumbi lakini huuachia mvuke njia ya kutokea, na kwa hivyo mkate hautoki majimaji. Nguo na dhahabu za bibi harusi zikawekwa ndani ya kasha la mbao lenye njumu za shaba, kasha lililoweza kuvuka bahari bila ya kupinda.

Hakuna aliyefundishwa mambo haya darasani, lakini hungemwona mtu mwenye akili zake akishindilia embe mbivu ndani ya kanda. Chombo kilikifuata kitu.

Mtu asiseme kwamba hekima hiyo iliishia Kongowea. Hiyo mitaa ya mashariki ya Nairobi ninayoizungumza imeezekwa, kwa maana halisi ya neno, kwa vyombo vya kufungia bidhaa. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ili wakusanywe hapo watu wa vijiji vya zamani vya mji huo, ambavyo kimojawapo kiliitwa Mombasa na kingine kikaitwa Maskini. Kijiji cha Pangani kilivunjwa mwaka 1939, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Miongoni mwa watu hao walikuwamo Waislamu wengi wenye kusema Kiswahili, nao wakajenga nyumba kama zile za kwetu, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Na paa je? Wengi waliezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

Hebu tulitazame debe hilo kwa makini, maana ni mwalimu mzuri. Lilikuja Afrika ya Mashariki likiwa limebeba mafuta ya taa, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Umbo lake lilikuwa la pembe nne, ili yakipangwa melini nafasi isipotee. Lilikuwa jepesi, halivuji, na mtu mmoja aliweza kulinyanyua likiwa limejaa. Mafuta yalipokwisha, watu hawakulitupa. Likawa ndoo ya maji, likawa kipimo cha mahindi na maharagwe, likawa paa la nyumba, likawa ngoma ya kuwaitia wanunuzi. Na hata leo, mtu akimsifu mgombea wakati wa uchaguzi, twasema anampigia debe. Lile debe lilichaguliwa kwa kazi, si kwa sura, na kwa sababu hiyo limeingia mpaka ndani ya lugha. Yale maboksi ya dhahabu ya shangazi yangu yamefika uvunguni tu.

Wala ustadi huo haujatoweka. Nenda Kamukunji uwaone mafundi wa jua kali wakigonga masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni. Pembe zimekunjwa mara mbili, kitasa kimetiwa mahali pake, kwa sababu fundi anajua sanduku lile litarushwa juu ya basi na kukaliwa na wenzake bwenini. Nenda Kariokor, soko ambalo jina lake latokana na kile kikosi cha wapagazi cha vita vya 1914 hadi 1918, uone vikapu vya katani. Fundi wa huko hukuuliza kwanza: "Wataka cha kubebea nini?" Swali hilo moja lingemwokolea shangazi yangu mtaji wake.

JUALA LILIPOONDOKA

Kwa muda mrefu hatukuwa na haja ya kuuliza swali hilo, kwani juala la plastiki lilibeba kila kitu: mboga, mandazi, maziwa ya kupimwa na hata supu. Lilikuwa rahisi, na kwa urahisi huo likatulevya. Mwisho wake tuliuona mitaroni, katika mto Nairobi, na katika lile jaa la Dandora, ambalo limekuwa likipokea taka za jiji tangu miaka ya 1970.

Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilianza kufanya kazi nchini Kenya. Adhabu yake si mzaha: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Plastiki ifungwayo bidhaa kiwandani ilisamehewa kwa masharti, lakini lile juala la kupewa bure dukani likatoweka.

Mimi ni mmoja wa walioifurahia sheria hiyo. Lakini iliwakuta wauzaji wadogo mikono mitupu. Wako waliorudia gazeti, wakafungia viazi karai na bajia za moto kwenye kurasa kama hizi msomazo. Nawashukuru kwa kutupenda, lakini wino si chakula, na mafuta ya moto huuvuta. Wako walionunua katoni zilizokwisha tumika, wakatia mkate ndani ya katoni iliyokuja na sabuni. Karatasi huhifadhi harufu. Mla mkate akapata na povu. Na wako, kama shangazi, waliokimbilia boksi jipya la kung'ara wakidhani kwamba kitu kipya lazima kiwe ndicho kifaacho.

JINSI YA KULICHAGUA

Baada ya hasara ile niliamua kuuliza kwa wajuzi: wauza katoni, wapiga chapa, wachukuzi na wapishi. Niliyoyapata nayafupisha hapa, na muuzaji yeyote aweza kuyatumia.

La kwanza ni tabia ya kitu chenyewe. Halua ina samli na hunata. Haifai kugusa karatasi tupu hata kidogo. Yataka bakuli lenye kifuniko, au karatasi isiyopitisha mafuta, na boksi liwe ni vazi la nje tu. Visheti na mahamri adui yao ni mvuke, basi na vipoe kabisa kabla ya kufungwa, na boksi liwe na vitundu. Mabuyu hupenda kuvuta unyevu yakashikana, basi yataka kufungwa kusiingie hewa. Achari ina siki na chumvi, na vitu hivyo hula bati. Mahali pake ni chupa, nazo chupa zikifungwa pamoja lazima ziwekewe vizuizi vya karatasi baina yake zisigongane. Bizari hupoteza harufu kwa mwanga na hewa. Udi ni mwizi wa kinyume: badala ya kuiba, huwapa wenzake wasichokitaka; usiuweke karibu na chakula. Na kofia ya viua, ambayo mtu ameikalia miezi akiitoboa na kuishona, ikitiwa ndani ya mfuko laini hufika imekunjamana kama tambara. Hiyo yataka boksi gumu la kimo chake, ili isimame.

La pili ni safari. Kitu kinachotoka Majengo kwenda Gikomba kwa miguu si sawa na kitu kinachopelekwa Kayole kwa pikipiki, wala si sawa na kinachoshuka Mombasa ndani ya tumbo la basi huku kimelaliwa na mizigo ya watu. Kwa safari ndefu hakuna kilichoishinda katoni ya karatasi ya mawimbi. Hiyo ni karatasi tatu zilizogandishwa: mbili zimenyooka, na ya katikati imekunjwa kama bati la mabati. Mmarekani mmoja wa New York, Albert Jones, alipata hati ya uvumbuzi wa karatasi ya mawimbi mwaka 1871 kwa ajili ya kufungia chupa, na tangu hapo dunia nzima imeifuata.

Lakini katoni ina siri zake. Tazama ukingo wake uliokatwa: mawimbi yale katika kuta yasimame wima kama nguzo za nyumba. Yakilala, katoni itabonyea ikipangiwa nyingine juu. Nguvu yake kubwa imo katika pembe, kwa hivyo katoni zipangwe pembe juu ya pembe. Ile ya juu ikichomoza nje, ya chini hupinda. Tena ijazwe. Katoni yenye nafasi tupu ndani ni kama nyumba isiyo na boriti. Na juu ya yote, ijue kwamba karatasi ikirowa nguvu zake huondoka. Nairobi ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba, na Idi, kwa kuwa hufuata mwezi, huweza kuangukia mvua yoyote kati ya hizo. Mkakasi huo!

La tatu ni nani atalifungua na mahali gani. Hapa ndipo mitindo inapokuja. Kwa mwenye duka anayechukua mzigo wa jumla, katoni ya kawaida yenye masikio manne juu na manne chini, iliyopigwa gundi ya utepe, yatosha. Hana haja ya nakshi. Kwa zawadi ya Idi au ya harusi, lile boksi la vipande viwili, kitako na kifuniko, kama la viatu, lina heshima yake: hufunguliwa taratibu, na mtu aweza kulitunza. Kwa vitu vidogo kama udi au wanja, kuna boksi la mtindo wa kiberiti, la kusukuma. Kwa bizari ya rafuni, boksi jepesi lenye ulimi wa kuchomeka latosha, maadamu ndani mna mfuko uliofungwa vizuri. Na kwa visheti, boksi lenye kidirisha humwezesha mnunuzi kuona anachokinunua.

La nne ni gharama. Boksi likila faida yote, ujue wewe si mpishi tena. Umekuwa wakala wa mpiga chapa. Kwa anayeanza, ushauri niliopewa na kila niliyemwuliza ni mmoja: nunua maboksi ya rangi ya khaki yasiyo na maandishi, kisha chapisha karatasi ndogo za kubandika zenye jina lako. Ukibadilisha bidhaa au namba ya simu, utatupa karatasi chache, hutatupa maboksi mia tano. Na kabla ya kununua hata kumi, jaribu moja. Litie bidhaa, liache usiku kucha, lirushie maji kidogo, kisha liangushe kutoka kimo cha kiuno. Likisalimika, Bismillahi.

BOKSI LISEMALO UONGO

Kufikia hapa nimesema mambo ya ufundi. Liko la tano, ambalo kwetu sisi Waislamu ndilo lililopaswa kuwa la kwanza.

Kila ikaribiapo Idi, katika maduka mengi ya mjini hutokea maboksi ya tende na halua yaliyo marefu kama mnara. Ukilifungua, wakuta kitako kimeinuliwa kwa karatasi, na tende zimepangwa safu moja tu. Mengine yana kidirisha, na nyuma ya kidirisha zimewekwa tende nono, huku zilizofichika ni kokwa na ngozi. Muuzaji akiulizwa husema, "Uzito si umeandikwa?" Kweli umeandikwa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, chini ya kitako.

Sote twajua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka akakuta umajimaji ndani. Mwenye nafaka alitoa udhuru kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, na akaeleza wazi kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo hukumu ya kidirisha cha boksi. Kidirisha kilichowekwa ili mtu aone kilichomo ni amana. Kilichowekwa ili aone alichochaguliwa aone ni ghushi. Na Suratul Mutaffifin nzima imefunguliwa kwa onyo kwa wale wapunjao vipimo. Kitako cha uongo ni nini ikiwa si kipimo kilichopunjwa?

Hata sheria ya nchi imelikumbuka jambo hili. Kenya ina sheria ya mizani na vipimo, na kanuni za viwango zataka chakula kilichofungwa kiandikwe jina lake, uzito halisi bila ya chombo, vilivyomo, mtengenezaji, na tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika. Wauzaji wengine huyaona mambo haya kuwa ni usumbufu wa serikali. Mimi nayaona kuwa ni adabu ya kuuza. Mwenye maradhi ya sukari apaswa kujua kilichomo. Na Muislamu anunuaye kitafunio apaswa kujua mafuta yake yametoka wapi.

Watu wa Eastlands wanalijua somo hili kwa njia ngumu zaidi. Wengi wao hununua unga na mahindi kwa gorogoro, yaani ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Na wanajua kuutazama kitako kabla ya kupimiwa, kama kimebonyezwa kwa ndani. Mtu mwenye shilingi chache huibiwa kwa kibonyeo kidogo tu. Kama twamlaani mwenye gorogoro lililobonyezwa, tusimpigie makofi mwenye boksi la dhahabu lenye kitako cha uongo eti kwa kuwa lina utepe.

LUGHA YA BOKSI

Wako watakaoniambia, "Wewe wapiga vita maendeleo. Kizuri chajiuza, lakini Nairobi hakuna mwenye wakati wa kuonja." Nakubali nusu. Ni kweli kwamba bidhaa zetu za pwani zimedharauliwa kwa kuwa hazikuvishwa. Mabuyu na achari za mama zetu hukaa pembeni mwa duka, huku biskuti za kiwandani zikipewa rafu ya mbele. Duka kubwa halipokei kitu kisicho na boksi, anwani na ile milia myeusi ya kusomwa na mashine. Kijana wetu alikuwa na haki kumwambia shangazi avishe vitu vyake. Lakini nguo hupimwa mwilini kwanza.

Na kama twavisha, basi tuvishe kwa lugha yetu. Yale maboksi ya shangazi, na mimi nabeba sehemu yangu ya lawama, hayakuwa na neno hata moja la Kiswahili ila jina la halua lenyewe. Sifa zote ziliandikwa kwa Kiingereza, na mpiga chapa akaongeza picha ya ngamia na piramidi, vitu ambavyo Majengo havijapata kuonekana. Wanunuzi wake, kuanzia mama wa Umoja mpaka kijana wa pikipiki, ni wasemaji wa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Kwa nini basi isiandikwe tu: "Halua ya samli. Imepikwa Majengo, Pumwani. Iwekwe mahali pakavu"? Mtaa huo una zaidi ya miaka mia moja. Watu waliofukuzwa katika vijiji vyao wakaezeka paa zao kwa madebe wanastahili jina la mtaa wao lionekane juu ya boksi, si la piramidi.

Shangazi yangu amerudi jikoni, Alhamdulillahi. Halua aimimina katika bakuli lake lile lile lenye kifuniko, na bakuli hulitia ndani ya boksi la khaki linalolikaa sawasawa, lisilo na nafasi ya kupwaya. Juu amebandika karatasi ndogo yenye jina lake, uzito na tarehe, kwa Kiswahili. Vijana wa pikipiki amewashonea mfuko wa turubai wa kufunikia mzigo. Wateja wake wa Umoja wamerejea, na yule mama aliyepiga simu ndiye wa kwanza kuagiza kila Idi.

Basi, enyi ndugu zangu mnaopika, mnaoshona na mnaosaga, Idi ijayo ikikaribia, msianze kwa mpiga chapa. Anzeni jikoni. Kitazameni mlichokipika, mkijue kinaogopa nini, kinakwenda wapi, na kiasi chake cha kweli ni kipi. Mkishayajua hayo, muuza maboksi atakuwa na kazi nyepesi.